Maiki zisizo na waya kwa kikundi cha waimbaji chenye fedha kidogo

Kila unapokaribia msimu wa harusi na mikutano ya injili hapa Mbeya, viongozi wa vikundi vya uimbaji huanza kuulizana ni maiki gani zisizo na waya zinazoweza kununuliwa bila kukiacha kikundi na deni. Walimu wa kwaya kutoka Uyole, Mbalizi na Tukuyu wamekwisha kuniuliza swali hilo, na kwa kuwa majibu ya kwenye simu huwa mafupi mno, nimeona niandike hapa yale ninayoyaamini kuhusu jambo hili. Kikundi chetu kina waimbaji wanane, wawili kwa kila sauti, na nyimbo zetu nyingi tunaziimba bila ala yoyote. Kwa hiyo ninayoyasema yanavihusu hasa vikundi vya namna hiyo, ingawa kwaya kubwa inayotumia maiki kwa viongozi wachache itakuta mengi yanaigusa pia.

Msimamo wangu ni huu: kwa kikundi cha waimbaji, kufanana kwa maiki zote kunatangulia ubora wa maiki moja moja, na kunatangulia kwa mbali sana wingi wa maiki. Mhubiri akipewa maiki yenye sauti nyembamba, waumini huizoea baada ya muda mfupi kwa kuwa wanachofuata ni maneno. Waimbaji hawana nafasi hiyo. Alto akisikika kana kwamba yuko chumba cha pili huku soprano akichoma masikio, kazi yote ya mazoezi ya kulinganisha sauti inapotea, na msikilizaji hana namna ya kujua kwamba kosa ni la kifaa. Ndiyo maana ninawashauri wanunue maiki nne zinazofanana badala ya nane za kuokoteza, na ninawashauri hivyo hata pale ambapo bei ya zile nane ni ndogo kuliko ya zile nne.

Wapo watakaouliza nne zitawatoshaje watu wanane. Zinatosha, kwa sababu waimbaji wawili wa sauti moja wanaweza kushirikiana maiki moja wakifundishwa vizuri. Maiki huelekezwa katikati ya vinywa viwili, wote wawili wakiwa karibu umbali uleule, ila mwenye sauti kubwa zaidi akirudi nyuma kidogo. Namna hii ina faida ambayo watu hawaitegemei: wale wawili husikilizana na kujirekebisha wenyewe kabla sauti haijamfikia mtu wa mitambo, hivyo mchanganyiko wa sauti unaanzia kwa waimbaji. Ila inahitaji maiki inayopokea sauti kwa upana wa kutosha upande wa mbele. SM58 ya Shure, ambayo imekuwepo sokoni tangu mwaka 1966, inapokea kwa umbo linalofanana na moyo na inawabeba wawili bila taabu. Beta 58A ya kampuni hiyohiyo ina upokeaji mwembamba zaidi, kwa hiyo inamfaa mwimbaji mmoja kuliko wawili, ijapokuwa ni ghali zaidi.

Kabla ya kutoa fedha, kikundi kijiulize kwa dhati kama kinahitaji kuondokana na waya kabisa. Nchini Marekani maiki ya waya ya SM58 huuzwa kwa takriban dola 100, na kichwa kilekile kikiwekwa kwenye mfumo usio na waya wa BLX, ambao Shure yenyewe inauhesabu kuwa wa bei ya chini, bei inapita dola 300. Hapa kwetu bei hupanda kwa usafiri na ushuru, lakini uwiano haubadiliki sana: fedha ya maiki moja isiyo na waya inanunua karibu tatu za waya zenye kichwa kilekile. Kikundi kinachosimama mahali pamoja jukwaani kuanzia mwanzo hadi mwisho hakipotezi chochote kikitumia waya, na kitapata sauti safi kuliko maiki yoyote isiyo na waya ya bei yake. Sisi tulihitaji kuondokana na waya kwa sababu kwenye harusi tunaombwa kuingia ukumbini tukiimba mbele ya maharusi, na hakuna waya unaoweza kuifuata safari hiyo kati ya meza na watoto. Kikundi ambacho hakina hitaji la aina hiyo kinaweza kununua maiki mbili tu zisizo na waya kwa ajili ya waongozaji, na nyingine zikawa za waya, mradi vichwa vyote viwe vya aina moja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji hawalitaji na wanunuzi hawaliulizi, yaani nyuma ya kipokezi, kile chombo kinachopokea mawimbi ya maiki. Nilikuwa katika duka moja pale Mwanjelwa, na kijana aliyekuwa akiuza, mwenye heshima na mchangamfu, aliniwekea boksi mbele akaniambia, "Mwalimu, hapa una maiki nane kwa bei ya zile nne ulizoshika." Nikamwomba alifungue na kukigeuza kipokezi. Upande wa nyuma kulikuwa na antena, tundu la umeme, na tundu moja tu la jeki ya robo inchi. Maana yake ni kwamba sauti za maiki zote nane huchanganywa ndani ya boksi na kutoka kwa njia moja. Mtu wa mitambo akipokea waya huo mmoja kwenye mikisa yake, hawezi kupunguza besi ya mwimbaji mmoja, hawezi kuongeza mwangwi kwa kiongozi peke yake, na maiki moja ikianza kupiga mluzi inambidi azishushe zote. Kikundi kinachotegemea uwiano wa sauti nne kinakuwa kimemfunga mtu wake wa mitambo mikono kabla hajaanza kazi.

Boksi la zile maiki nne lilikuwa tofauti. Nyuma yake kulikuwa na matundu manne ya XLR, yale ya pini tatu, kila maiki na tundu lake, pamoja na lile la jeki la kuchanganya zote kwa anayetaka. Nilimwonesha yule kijana tofauti hiyo, naye akaniuliza, "Kumbe hii ndiyo inayofanya bei iwe juu, mwalimu?" Ni sehemu ya sababu, na kwa kikundi cha kuimba ni sehemu yenye thamani kuliko rangi, taa na vioo vya namba vilivyoko mbele. Anayenunua na akague jambo hili kwanza, hata kabla ya kuuliza jina la mtengenezaji. Ikiwa matundu ni moja kwa kila maiki, mazungumzo yaendelee; ikiwa ni moja kwa zote, boksi hilo linawafaa watu wa karaoke na sherehe za nyumbani.

Baada ya hapo kuna suala la masafa, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa ndipo vikundi vingi huumia bila kujua sababu. Maiki za bei ndogo kabisa hutumia masafa ya VHF, mara nyingi kati ya MHz 174 na 216, na nyingi za aina hiyo zimefungwa kwenye masafa mamoja yasiyobadilika. Mkikutana kwenye tamasha na kikundi kingine chenye boksi kama lenu, mtaingiliana na hakuna kitufe cha kuwaokoa. Zipo nyingine za kidijitali zinazotumia GHz 2.4, na ubora wake wa sauti mara nyingi ni mzuri kwa bei yake. System 10 ya Audio-Technica ni ya kundi hilo na huruhusu maiki hadi nane kufanya kazi pamoja. Tatizo la masafa hayo ni kwamba ndiyo yanayotumiwa pia na waifai na bluetooth za simu, na kanisa lililojaa watu lina simu nyingi kuliko viti. Kwa ukumbi mdogo ningezikubali bila wasiwasi. Kwa mkutano wa watu elfu, hapana. Zile maiki za watoto zenye bluetooth na spika ndani yake zisifikiriwe kabisa, kwa sababu sauti hutoka ikiwa imechelewa kiasi cha kumchanganya mwimbaji.

Kinachobaki, na ndicho ninachokipendekeza, ni maiki za UHF, yaani masafa yaliyo juu ya yale ya VHF, ambazo masafa yake yanaweza kubadilishwa. Hata hapo kuna mitego. Masafa ya kati ya MHz 470 na 694 ndiyo yanayobeba televisheni za kidijitali nchini mwetu, kila chaneli ikichukua upana wa MHz 8, na maiki zetu hupenya katika nafasi zilizoachwa wazi. Nafasi hizo hazifanani kila mahali. Sisi wa Mbeya mjini tunaishi chini ya mlima Loleza wenye minara yake ya mawasiliano, na masafa yanayoimba vizuri Tukuyu nyuma ya milima ya Rungwe yanaweza yasifae hapa. Namna ya kujua ni rahisi. Washeni kipokezi huku maiki zote zikiwa zimezimwa, kisha tazameni taa inayoonesha kupokewa kwa mawimbi. Taa ikiwaka wakati hakuna maiki iliyowashwa, kuna mwingine anayetumia masafa hayo, na hamna budi kuhama. Tunalifanya jambo hili kila tufikapo mahali papya, kabla ya kuunganisha chochote.

Yako pia masafa ya MHz 700 na 800, na hapa ninasema kwa mkazo: msinunue. Masafa hayo yametolewa kwa mitandao ya simu, na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ndiyo yenye mamlaka ya kuyagawa. Nchini Marekani matumizi ya maiki kwenye masafa ya MHz 700 yalikatazwa mwaka 2010, na sehemu kubwa ya yale ya MHz 600 ikafuata mwaka 2020, kwa hiyo zimebaki nyingi nzuri za majina makubwa ambazo wenyewe huko hawaruhusiwi kuziwasha. Mtu akiwaletea maiki ya mtumba ya kampuni kubwa kwa bei ya kushangaza, geuzeni kipokezi msome kibandiko cha masafa kabla ya kushangilia. Kibandiko hicho huandikwa namba mbili, mwanzo na mwisho wa masafa yake, na namba hizo zina uzito kuliko jina lililoko mbele.

Maiki nne zikiwa hewani kwa pamoja huleta shida nyingine ambayo maiki moja haina. Mawimbi ya maiki mbili yakikutana, huzaa mawimbi ya tatu kwenye masafa mengine. Chukulieni maiki ya kwanza iko kwenye MHz 520, ya pili kwenye 520.5 na ya tatu kwenye 521. Kwa macho zinaonekana zimepangwa vizuri, nusu kwa nusu. Lakini mara mbili ya 520.5 ukitoa 520 unapata 521, yaani zile mbili za kwanza zimeizalia ya tatu adui juu ya kichwa chake, na mwimbaji wa tatu atasikika akikwaruza bila sababu inayoonekana. Ndiyo maana masafa hayapangwi kwa nafasi zinazolingana. Watengenezaji makini huweka masafa katika makundi yaliyokwisha kupigiwa hesabu, nanyi mnachagua kundi moja na kuweka kila maiki kwenye namba yake ndani ya kundi hilo. Kundi la kwanza likiwa na mwingiliano, hamieni kundi la pili wote kwa pamoja. Msimhamishe mmoja peke yake.

Ubora wa sauti yenyewe hupimwa dukani kwa dakika chache. Maiki za UHF za bei yetu nyingi ni za analojia, nazo huibana sauti kabla ya kuirusha, kisha kipokezi huitanua tena. Kazi hiyo ikifanywa vizuri hamtaisikia. Ikifanywa vibaya, noti ndefu inayofifia polepole itasikika ikiandamana na mvumo unaopanda na kushuka kama pumzi, na kwa kikundi kinachoimba bila ala hakuna ngoma wala kinanda cha kuuficha. Chukueni funguo za nyumba, mzitikise taratibu mbele ya maiki, halafu sikilizeni spikani. Funguo zikilia kama funguo, mfumo ni mzuri. Zikilia kama mtu anayemwaga mchanga kwenye bati, uacheni. Kisha mwimbaji wa besi aishike noti yake ya chini kabisa na kuiachia ife yenyewe, na wa soprano afanye vivyo hivyo juu. Ninapenda kuwapeleka dukani waimbaji wawili wa namna hiyo badala ya kwenda peke yangu kusema "halo, halo", neno ambalo kila maiki duniani hulitamka vizuri.

Jaribio hilohilo lifanywe kwa maiki zote za boksi moja, zikiunganishwa kwa zamu kwenye tundu lilelile la mikisa bila kugusa vitufe. Katika maboksi ya bei ndogo si ajabu kukuta moja ikiwa na sauti ya chini au nyembamba kuliko wenzake, na muuzaji mwema atakubali kuibadilisha mkiwa bado mko dukani.

Kuhusu majina, ni kweli kwamba maiki bandia zenye jina la Shure zimejaa katika masoko ya dunia, na zisizo na waya hazikusalimika. Kuna mifano inayouzwa kwa jina hilo ambayo kampuni haijawahi kuitengeneza. Kwa hiyo namba ya mfano itafutwe kwenye tovuti ya mtengenezaji kwanza. Isipoonekana huko, mnachokishika ni kitu kingine. Kwa maoni yangu ni heri kununua maiki ya kampuni ndogo inayouza kwa jina lake mwenyewe, kama Phenyx Pro au Takstar, kuliko jina kubwa lililoibwa, kwa kuwa ya kwanza ina mtu anayewajibika nayo na kitabu cha maelekezo kinachosema kweli kuhusu masafa yake.

Betri zinahitaji maneno machache. Chagueni maiki zinazotumia betri za AA, zipatikanazo hata kwenye duka la kijijini, kuliko zile zenye betri iliyofungwa ndani ambayo ikiisha katikati ya ibada mwimbaji amekwisha. Betri za bei ndogo za redio hudhoofika haraka sana ndani ya maiki. Za alkali hudumu. Seti mbili za betri za kuchaji zenye ubora, moja ikiwa ndani na nyingine kwenye chaja, hurudisha gharama yake mapema kwa kikundi kinachoimba kila wiki, ila mjue kwamba volti yake ni 1.2 badala ya 1.5, hivyo taa ya kuonya inaweza kuwaka mapema kuliko hali halisi.

Baridi ya kwetu nayo ina yake. Mwezi Juni na Julai, maiki iliyolala ndani ya gari alfajiri ikiingizwa katika ukumbi uliojaa watu huota unyevu juu ya chuma chake, na unyevu huo hupenya hadi ndani ya wavu. Tunaziacha ndani ya boksi lililofungwa mpaka zipate joto la ukumbi. Sifongo iliyo ndani ya wavu huoshwa kwa sabuni laini na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa, jambo ambalo waimbaji wawili wanaoshirikiana maiki moja wana haki ya kulidai.

Vipokezi vikae juu, vikitazamana na waimbaji bila kizuizi, kwa sababu miili ya watu hunyonya mawimbi ya UHF. Kuviweka sakafuni nyuma ya spika, au mwisho wa ukumbi karibu na mikisa huku waumini mia tatu wakisimama katikati, ni kuyatafuta matatizo. Vikae pembeni ya jukwaa, kiasi cha mita 3 au zaidi kutoka kwa mwimbaji wa karibu, maana maiki ikisogea sana huzidisha nguvu kwenye kipokezi na kuzivuruga nyingine. Kutoka hapo waya mrefu wa XLR ndio uende kwenye mikisa. Waimbaji nao wafundishwe kushika mpini na kuuacha wavu wazi. Kiganja kikiukumbatia wavu, maiki huanza kupokea sauti kutoka kila upande, na mluzi unafuata papo hapo. Dada zetu na kaka zetu vijana huiga mshiko huo kutoka kwenye video za wanamuziki, na ni wajibu wa mwalimu kuusahihisha mazoezini, si jukwaani.

Vikundi vingi vya huku huagiza mzigo kutoka Kariakoo na kuupokea stendi ya basi ukiwa umefungwa. Mkiagiza hivyo, mwombeni ndugu aliyeko Dar es Salaam afike dukani kabla ya malipo, apige picha ya nyuma ya kipokezi na ya kibandiko cha masafa, atikise funguo mbele ya kila maiki na kuwarekodia sauti iliyotoka kwenye spika. Jaribio la taa ya mawimbi mtalirudia wenyewe mzigo ukifika, kwa kuwa hewa ya Dar es Salaam ina chaneli zake, na ya kwetu ina zake.